Jana shetani, leo malaika: Kwa nini tunawaabudu au kuwalaani watu mashuhuri

MZEE mmoja anayeuza vipuri vya magari jijini Nairobi alifika katika kliniki yangu hivi majuzi akilalamika kuumwa na kichwa na kukosa usingizi. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 190 kwa 110. Kwa mtu mzima mwenye afya, tunatarajia kiasi cha 120 kwa 80.

Nilimuuliza iwapo alikuwa akimeza dawa zake. Akasema hajakosa hata siku moja. Chumvi je? Amepunguza. Pombe? Aliacha zamani.

"Basi ni nini, mzee wangu?" nikamuuliza.

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia habari za mwanasiasa mmoja. Sitataja jina lake, kwa kuwa siku hiyo hiyo ningeweza kumpata mgonjwa mwingine mwenye presha kama ile, ila yeye akimsifu mwanasiasa yule yule.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mzee huyu na ndugu yake mdogo walikuwa wakisaidiana kumpeleka mama yao hospitalini mara mbili kwa wiki ili asafishwe damu kwa mashine, kwa sababu figo zake hazifanyi kazi. Mdogo ndiye mwenye gari, naye mkubwa hulipa gharama zinazobaki. Siku moja walibishana juu ya mwanasiasa huyo. Mmoja alisema ni mkombozi wa wanyonge, mwingine akasema ni mwizi asiye na haya. Maneno yakawa makali, na kila mmoja akaapa kwamba hatakanyaga tena nyumbani kwa mwenzake.

Katika ugomvi huo mama alikosa mashine mara mbili mfululizo. Maji yakamjaa mapafuni, akakimbizwa hospitalini usiku akiwa hawezi kupumua. Alinusurika kwa bahati.

Na huyo mwanasiasa waliyegombania? Hamjui hata mmoja wao.

Msomaji huenda akajiuliza, haya yanahusu nini na ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Kumwabudu mtu mashuhuri au kumchukia kama shetani ni jambo linaloanzia akilini, likaingia mwilini, na mwishowe likafika katika nyumba zetu na hata katika dawa tunazomeza. Hebu tuangalie linavyotokea.

AKILI HUPENDA NJIA YA MKATO

Ubongo wa binadamu hupokea habari nyingi mno kwa siku. Hauwezi kuzichunguza zote, kwa hivyo hutafuta njia ya mkato. Mojawapo ya njia hizo ni kuchukua sifa moja ya mtu na kuitumia kupima zote zilizobaki.

Mnamo 1920, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu maafisa wa jeshi walioombwa kuwapa askari wao alama. Walitakiwa kupima kila sifa peke yake: umbo la mwili, akili, uwezo wa kuongoza na tabia. Thorndike aligundua kwamba alama hizo zilifuatana kupita kiasi. Askari aliyepewa alama za juu kwa umbo lake, aghalabu alipewa za juu kwa akili na tabia pia. Maafisa hao hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wameacha sifa moja iangaze juu ya nyingine zote.

Mwaka wa 1946, mtaalamu mwingine, Solomon Asch, alionyesha jinsi neno moja tu linavyotosha. Aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu wasiyemjua: mwerevu, stadi, mwenye bidii, mwenye msimamo na kadhalika. Kundi moja liliambiwa pia kwamba mtu huyo ni mkunjufu. Kundi lingine likaambiwa ni mkavu. Sifa nyingine zote zilikuwa zile zile. Hata hivyo, waliosikia neno "mkunjufu" walimwona kuwa mkarimu na mcheshi, ilhali wengine walimwona kuwa mchoyo asiyejali watu.

Sasa fikiria mwanasiasa, mhubiri au mwanamuziki ambaye unamjua kwa sauti yake, suti yake na dakika 2 za habari. Kwa njia hiyo hiyo, akili yako hujaza sehemu zote ambazo hukuziona. Ukianza kwa kumpenda, itajaza mema. Ukianza kwa kumchukia, itajaza maovu.

FUNZO LA WANGARI MAATHAI

Hapa Kenya tuna mfano ambao ungefaa kufundishwa shuleni. Ni maisha ya Profesa Wangari Maathai.

Mnamo 1977 alianzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kuwahimiza akina mama kupanda miti. Mwaka wa 1989 alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Tangu hapo akawa shetani machoni pa wengi. Wabunge walimkejeli bungeni, na wafuasi wake wakaitwa kundi la wanawake walioachwa na waume zao. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza.

Mnamo Machi 1992, polisi walipowatimua akina mama waliokuwa wakigoma kula katika Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe kutoka jela, Profesa alipigwa hadi akazirai. Januari 1999 alipasuliwa kichwa katika msitu wa Karura alipojaribu kupanda miti.

Upepo ukageuka. Mwaka wa 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa kura nyingi sana. Mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, na nchi nzima ikamshangilia. Lakini mwaka wa 2007 akapoteza kiti chake cha ubunge. Alipofariki kwa saratani Septemba 25, 2011, alipewa mazishi ya kitaifa, na leo barabara kubwa jijini Nairobi ina jina lake.

Jiulize, msomaji, ni nini kilichobadilika kati ya 1989 na 2004? Miti ilikuwa ile ile. Ukaidi wake ulikuwa ule ule. Mambo aliyotukaniwa ndiyo yaliyompa tuzo. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji.

Kuna funzo la pili, nalo linanihusu mimi kama daktari. Mwaka huo huo wa 2004, magazeti yalimnukuu akidokeza kwamba virusi vya Ukimwi vilitengenezwa na binadamu. Desemba mwaka huo alitoa taarifa akieleza kwamba hasemi wala haamini kwamba virusi hivyo vilibuniwa na wazungu ili kuwaangamiza Waafrika. Mgonjwa mwenye busara angefanya nini aliposoma habari ya kwanza? Angesema hivi: Profesa anajua mazingira, na kwa hayo nitamsikiliza, kuhusu asili ya virusi, nitawauliza wanaovichunguza. Kusema hivyo si kumdharau. Ni kumheshimu kwa kile alichokifanya, bila kumtwika asichokuwa nacho.

KWA NINI HAKUNA WA KATIKATI?

Mtaalamu wa tiba ya akili Melanie Klein, aliyefanya kazi Uingereza, alieleza kwamba mtoto mchanga huanza kwa kuigawa dunia mara mbili. Mama anapomlisha, ni mwema kabisa. Anapomcheleweshea, ni mbaya kabisa. Mtoto huchukua muda kuelewa kwamba mama mwema na mama mbaya ni mtu mmoja.

Tunapokua tunajifunza hivyo kuhusu watu tunaoishi nao. Unajua kwamba shangazi yako ni mkarimu na pia ni mmbea, na bado unampenda. Lakini tunapoingiwa na hofu, kama vile bei zinapopanda, kazi zinapokosekana au uchaguzi unapokaribia, akili hurudi katika mtindo wa utotoni. Humtafuta mwokozi wa kushikilia na adui wa kulaumu.

Ndiyo maana anayeabudiwa sana leo ndiye anayelaaniwa sana kesho. Tulimpa sifa ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzibeba. Akikosea jambo moja tunahisi ametusaliti, ingawa ni sisi tuliompandisha juu ya mnazi.

URAFIKI WA UPANDE MMOJA

Sababu nyingine ni vyombo vya habari. Mnamo 1956, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jinsi wasikilizaji wa redio na watazamaji wa televisheni wanavyojiona kuwa marafiki wa watangazaji. Mtangazaji husema nao kila siku, huwatazama machoni na kuwachekesha. Wao humjua, lakini yeye hawajui. Ni urafiki wa upande mmoja.

Siku hizi simu ya mkononi imeuzidisha urafiki huo. Tunamwona mheshimiwa akila, akicheka na mkewe, akiomba kanisani. Anapotukanwa, tunahisi kana kwamba ametukanwa mtu wa nyumbani.

KUNDI NALO HUSUKUMA

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Henri Tajfel alifanya majaribio na wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, waliokuwa na umri wa miaka 14 na 15. Katika jaribio moja, wavulana walionyeshwa michoro ya wasanii wawili, Klee na Kandinsky, kisha wakaambiwa kila mmoja yuko upande gani. Kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadaye walipewa nafasi ya kugawa pesa kidogo kwa wenzao bila kujua majina yao. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Mara nyingine hata walikubali kundi lao lipate kidogo, mradi tu lile jingine lipate kidogo zaidi.

Ikiwa michoro ya wageni inaweza kuwagawanya wavulana wa shule moja, itakuwaje panapoingia kabila, chama, dini au mpira? Mtu mashuhuri huwa bendera ya kundi. Tunapomtetea huwa tunajitetea wenyewe, na ndiyo sababu hoja na ushahidi havitubadilishi kwa urahisi. Sisi Wakenya tunajua mwisho wa njia hiyo. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na wengi wao hawakuwahi kusalimiana na viongozi ambao kwa ajili yao waliuawa.

MWILI NDIO UNAOLIPA

Unapokasirika au kusisimka, mwili hutoa homoni za kuuandaa kupigana au kukimbia. Moyo hudunda kwa kasi, mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Homoni hizo hazijui kwamba adui yako yuko kwenye televisheni tu. Zikitolewa kila jioni wakati wa taarifa ya habari, usingizi huharibika, na mwenye presha hushindwa kuidhibiti hata kama anameza dawa.

Madaktari wa Ujerumani walilichunguza jambo hili katika mji wa Munich na maeneo ya karibu wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo timu yao ya taifa ilicheza, visa vya dharura vya ugonjwa wa moyo viliongezeka mara 2.66 vikilinganishwa na siku za kawaida. Kwa wanaume viliongezeka zaidi ya mara 3. Waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2008. Hao walikuwa wakitazama mpira tu. Mwanasiasa unayemchukia, wewe humtazama mwaka mzima.

SIFA INAPOINGIA KATIKA DAWA

Hatari kubwa zaidi ni pale heshima ya mtu inapotumiwa badala ya ushahidi wa tiba.

Mwaka wa 1990, dawa iliyoitwa Kemron ilitangazwa nchini Kenya kwa shangwe na Rais mwenyewe kama ufumbuzi wa Ukimwi. Wagonjwa wakaja kuitafuta, wengine hata kutoka Marekani. Uchunguzi uliofanywa baadaye, ukiwemo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), haukuthibitisha faida hiyo. Kuipinga Kemron wakati huo kulionekana kama kuipinga nchi, ilhali dawa haina chama. Hupona au hufa katika majaribio.

Mwaka wa 2011 ukaja wakati wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania katika kijiji cha Samunge. Aliyefika aliamini ataponywa kisukari, presha, saratani na Ukimwi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Wakenya wengi walikuwa katika foleni hiyo.

Wakati huo nilikuwa daktari kijana. Mgonjwa wangu mmoja aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi alikunywa kikombe, akarudi nyumbani na kuziacha. Baada ya miezi kadhaa aliletwa akiwa amekonda, anakohoa damu, ana kifua kikuu. Nilipomuuliza kwa nini aliacha, alisema, "Daktari, hata mawaziri walikunywa."

Sikumcheka wala sikumkemea. Alikuwa amechoka kumeza vidonge na alikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu akimwona mkubwa amepiga hatua, humfuata. Bahati nzuri alirudia matibabu na akapata nafuu.

Kosa lililo kinyume cha hilo ni baya vile vile. Wapo wanaokataa ushauri mzuri kwa sababu tu umetolewa na kiongozi wasiyempenda. Nimewahi kumwona mama akikataa mtoto wake achanjwe kwa kuwa aliyezindua kampeni ya chanjo alikuwa wa chama cha upinzani. Surua haiulizi mtu alipiga kura upande gani.

JE, TUSIWE NA MASHUJAA?

Sisemi hivyo. Shujaa anaweza kuokoa maisha. Mwaka wa 1989, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana Ukimwi, wakati ambapo wagonjwa walikuwa wakifichwa. Alitumia nguvu zilizombakia kuzungumza na vijana, kisha akafariki Desemba mwaka huo huo. Wapo waliomwita mwongo anayetafuta umaarufu, lakini kwa sababu watu walimpenda, wengi waliweza kumsikiliza.

Tofauti iko hapa. Mwenye shujaa huiga tendo. Mwenye sanamu huacha kufikiri. Kadhalika, kumkosoa mtu ni kutaja kosa lake. Kumfanya shetani ni kukataa kwamba anaweza kutenda lolote jema.

USHAURI WA DAKTARI

1. Hukumu tendo, si mtu. Badala ya kusema "fulani ni mwovu", sema "fulani alifanya hili, nalo ni baya kwa sababu hii". Utashangaa jinsi sauti yako itakavyoshuka.

2. Jipime. Taja kosa moja la kiongozi unayempenda na jambo moja jema la yule unayemchukia. Ukishindwa kabisa, jua kwamba hufikirii tena, unashabikia tu.

3. Uliza anajua nini. Mchezaji bora ni bingwa wa mpira, mhubiri ni wa Maandiko. Mambo ya figo, moyo na virusi yana wataalamu wake.

4. Usianze wala kuacha dawa yoyote kwa sababu ya mtu maarufu. Zungumza kwanza na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi anayekutibu.

5. Zima habari na mijadala ya siasa angalau saa moja kabla ya kulala. Mwenye presha apimwe mara kwa mara, hasa majira ya uchaguzi.

6. Ukipata maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, jasho la ghafla au shida ya kupumua, nenda hospitalini mara moja. Usingoje mechi au matokeo ya kura yaishe.

7. Hesabu walio karibu. Ukiugua usiku, nani atakubeba hadi hospitalini? Huyo ndiye wa kumlinda kwanza katika maneno yako.

Nakumbuka nilivyomwuliza yule mzee wa vipuri swali moja: "Kando na siasa, ndugu yako amekukosea nini?" Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hajanikosea kitu, daktari. Ndiye aliyenilipia karo nilipomsomesha mwanangu wa kwanza."

Nilimwongezea dawa ya presha na kumwomba arudi baada ya wiki 2. Aliporudi ilikuwa 150 kwa 95. Bado iko juu, nasi tunaendelea kuifanyia kazi. Aliniambia kwamba yeye na ndugu yake hawajakubaliana kuhusu mwanasiasa yule na huenda wasikubaliane kamwe. Wameafikiana jambo moja tu: jina lake halitajwi ndani ya gari siku za hospitali.

Mama hajakosa mashine tena.